Chumba cha Mbu na Ufagio wa Bi Saumu

Ninyi mnaobaki kwenye chumba cha mbu, nawaandikia mapema kabla hamjaharibu kazi. Najua mmeshaanza kuharibu, maana juzi nilipita kuchukua kanga yangu niliyoisahau nikakuta milango yote miwili iko wazi, na mbu mmoja ametua dirishani ananitazama kama yeye ndiye mwenye nyumba na mimi mpangaji. Mbu yule nilimuua. Msimtafute.

Habari za vyeo na mshahara siandiki. Cheo changu kilikuwa kilekile tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho, na mshahara mnaujua kwa kuwa ninyi mnaupata huohuo na mnalia vilevile. Nataka kuandika namna tulivyowalea wanafunzi wa uzamivu, wale wanaotumwa na chuo kikuu kuja kwetu Korogwe kusomea udaktari usiotibu mtu. Mmoja wao, Kulwa, nusura arudi kwao mikono mitupu kwa sababu ya adabu nyingi, na habari yake mnaisimulia vibaya pale jikoni. Nimesikia mnasema Bibi Nyamizi, yaani mimi, ndiye aliyewapata mbu wa Handeni. Uongo. Mimi nilipiga kelele tu. Sasa kaeni niwaeleze.

Nimezaliwa kambini, kwenye mashamba ya mkonge. Baba yangu alitoka Unyamwezi akiwa manamba, akakata mkonge mpaka vidole vikapinda, akamwoa mama yangu, Msambaa, wakatulia Magoma. Shule nilifika darasa la nne. Usichana wangu wote nilianika katani juani, na mashamba yalipodorora nikasikia kituo cha utafiti kinatafuta mwanamke wa kuosha vyombo. Nikaenda na kitambaa changu cha kufutia masufuria, nimejifunga vizuri. Kufika, nikaonyeshwa mabeseni yamepangwa safu kwa safu, ndani ya maji viluwiluwi wanachezacheza. Nikamwambia mzee aliyenipokea, "Baba, maji haya yameoza. Niyamwage wapi?"

Akanidaka mkono beseni likiwa tayari limeinama.

"Mama," akasema, "hao ndio waajiri wako. Ukiwamwaga, sote kesho tunarudi kulima."

Huyo ndiye Mzee Hoza, Msambaa wa milimani, Mungu amrehemu. Alikuwa fundi wa chumba cha mbu tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na kila ninachokijua nilikipata kwake au kwa kumwogopa. Alinifundisha kuwasagia viluwiluwi chakula cha samaki mpaka kiwe laini kama poda ya mtoto, na kuwapa kidogo, kwa kuwa wanaokufa kwa shibe ni wengi kuliko wanaokufa kwa njaa, maji yanachacha. Alinifundisha kuloweka pamba kwenye maji ya sukari na kuiweka juu ya vizimba. Miguu ya meza aliisimamisha ndani ya makopo yenye mafuta machafu ya gari, ili sisimizi wasipande. Likizo moja yule aliyetushikia zamu aliona makopo yale yanachafua chumba, akayaondoa, akapiga deki. Tuliporudi chumba kinang'aa na mbu wote wameliwa. Mzee Hoza alitazama sakafu ile, akasema, "Usafi mzuri kabisa. Sisimizi wameshukuru."

Kifaa kikuu ni mrija. Kioo mbele, mpira mrefu nyuma, na katikati kipande cha chandarua kinachomzuia mbu asipite mpaka mdomoni. Unamvuta mbu bila kumvunja mguu. "Vuta kama unaonja uji wa mgonjwa," Mzee Hoza alikuwa akisema, "usivute kama unanyonya muwa." Kila mwanafunzi mpya alivuta kama muwa. Na kila mwanafunzi mpya alisahau kukagua kile kipande cha chandarua kama kimetoboka. Mzee Hoza alikuwa anaona tundu, ananyamaza, anasubiri mtu ameze. Halafu anasema taratibu, "Umekula kitoweo cha ofisi. Safari ijayo utakagua." Nilipoachiwa chumba na mimi nikafanya vivyo hivyo. Msinilaumu. Hakuna aliyemeza mara ya pili.

Sasa hao wanafunzi. Neno lenyewe, uzamivu, liliponifikia mara ya kwanza nilidhani wanakwenda kufundishwa kuzama mtoni, nikawaonea huruma maana Pangani ina mamba. Baadaye nikaelewa. Mwaka wa kwanza wanasoma darasani na wanazungushwa, wakae kwa profesa huyu, wahamie kwa yule, mpaka wapate wa kukaa naye moja kwa moja. Ni uchumba tu, ila mahari inalipwa kwa usingizi. Kisha kila mmoja anachagua swali. Swali moja! Miaka yote ile, mtu mzima mwenye miwani, swali moja. Nilimuuliza Mzee Hoza inakuwaje. Akasema, "Na wengine hawalimalizi." Kila mwaka mwanafunzi anasimama mbele ya kamati ya wasimamizi wake, maprofesa watatu au wanne wenye njaa, wanamuuliza umejuaje, umejuaje, umejuaje. Akishindwa kusema amejuaje, swali lake linazikwa na yeye anaanza upya, kama muda bado upo.

Maprofesa walikuwa na malezi yao na sisi tulikuwa na yetu. Hapa kwetu hakuna aliyegusa darubini kabla ya kuosha mabeseni mwezi mzima. Na kabla mtu hajakwenda kwenye kamati, alisimama kwenye chai ya saa nne akatueleza kazi yake, sisi madereva, walinzi, wapishi na wa chumba cha mbu, kwa Kiswahili kitupu. Neno la Kiingereza likikuponyoka, unaosha kikombe. Kuna kijana mmoja wa Dar, anaongea kama redio, siku yake aliosha vikombe vyote, sahani zote, akamalizia na sufuria la ugali la walinzi. Lakini kwenye kamati alipita, akarudi kutushukuru. Tukampa sufuria jingine.

Kulwa alikuja mwaka wangu wa kabla ya mwisho. Kwenye kitambulisho chake palikuwa pameandikwa Agnes, na kila mtu alimwita hivyo. Mimi siku ya kwanza nilimuuliza, "Kwenu nani?" Akasema kwao Tabora, yeye ni pacha, nyumbani anaitwa Kulwa na mwenzie Doto anauza vitenge. Nikamwita Kulwa tangu hapo. Jambo lililonistaajabisha ni kwamba alinijibu akiwa amepiga magoti. Kwenye sakafu ya chumba cha mbu, yenye maji!

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Inuka, unaloa."

Mtoto alilelewa yule. Alibisha hodi kila alipoingia kwa mbu. Nikamwambia mbu hawaitiki karibu, akacheka kwa kuziba mdomo, na kesho yake akabisha tena. Akimwangusha mbu anasema samahani. Nilikuwa nikimsema kutwa nzima, na kila nikimsema ananiitikia "ndiyo bibi, asante bibi," mpaka raha ya kusema inakwisha.

Swali lake lilikuwa hili: mbu akishashiba damu, analala wapi? Msicheke, swali lina maana. Kuna kijiji upande wa Mazingara, Handeni, zahanati yake inajaa watoto wenye malaria kila msimu. Wakubwa walitaka kupulizia nyumba dawa ya ukutani. Sasa kama mbu wa pale wakishakunywa damu wanatulia ukutani ndani ya nyumba, dawa itawaua. Kama wanatoka kwenda kulala vichakani, utapaka kuta zote za Handeni na watoto wataendelea kuugua. Kwa hiyo Kulwa alikuwa aende nyumba kwa nyumba asubuhi na mapema, kabla watu hawajafungua madirisha, ahesabu mbu waliolala ndani.

Namna ya kuhesabu mnaijua, lakini naandika kwa ajili ya wajao. Unatoa chakula na maji nje. Unatandika mashuka meupe sakafuni na juu ya kitanda, hata uvunguni. Unafunga kila tundu, unapuliza dawa, unatoka nje unasubiri. Halafu unaingia, unakunja mashuka pembe kwa pembe, unayafungua juani, unaokota mbu walioanguka. Watoto wa kijijini wanapenda sana. Wazee hawapendi, wanasema mashuka yale yanafanana na sanda.

Kulwa alitandika mashuka hayo msimu mzima wa kwanza. Aliokota mende, buibui, na siku moja mjusi aliyelewa dawa akaondoka anayumba. Mbu hakuna. Alipata mmoja hapa, nyumba sita mbele hakuna, akapata mwingine amekauka, pengine alikufa mwaka juzi. Na zahanati imejaa. Akaenda vichakani, akatafuta kwenye mashimo na chini ya mitungi, huko nako akapata wachache wasiofaa kusemea. Profesa wake akamwambia waziwazi: kamati inakaa mvua zikikatika. Ukija bila mbu, swali hili limekufa, na muda wa chuo hautakuruhusu kuanza jingine. Utarudi nyumbani.

Nilimkuta analia juu ya mabeseni. Nikamwambia asogee, machozi yana chumvi, atawaua viluwiluwi wangu. Akasema, "Samahani bibi," akasogea, akaendelea kulia pembeni. Mtu wa namna hiyo utamfanyaje?

Profesa alishuku mikono yake. Labda hapulizi vizuri, labda anaacha tundu. Akaniomba mimi niende naye nikamkague. Nilikuwa sijazoea kwenda vijijini, kazi yangu ni ya ndani, lakini nilikubali, maana kustaafu kulikuwa kumekaribia na Handeni kwa mafuta ya ofisi si jambo la kukataa. Tukaondoka na dereva Athumani, mtu wa Makuyuni, anayejua kila barabara na kila habari isiyomhusu.

Kijijini tulipokewa kama wakwe. Kulwa alikuwa na utaratibu wake. Alimtumia salamu mwenyekiti wa kitongoji siku nyingi kabla, mwenyekiti akawatangazia wenye nyumba: mtaalamu wa chuo kikuu atakuja siku fulani, ataingia mpaka chumbani. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bi Saumu, mwanamke wa Kizigua wa rika langu, mwembamba, mdomo umebanwa kama wa mtu aliyeshika pini kwa meno. Uwanja umefagiwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana kama nywele zilizochanwa. Kizingiti kimepakwa udongo mpya. Ndani hakuna hata nguo iliyotundikwa, na pananukia vizuri, majani ya kivumbasi matupu. Nikasema moyoni, huyu ni mwanamke msafi, ningekuwa na mtoto wa kiume asiyeoa ningeuliza habari. Nikampongeza kabisa. Ndio akili zangu hizo, ninyi mnaosema niliwapata mbu mimi.

Nikamkagua Kulwa kama mkwe anavyokagua ugali. Hakuna kosa. Alifunga, alitandika, alipuliza pembe zote. Tukasubiri nje, tukaingia, tukafungua mashuka juani. Meupe. Meupe kama yalivyotoka dukani. Kulwa akapiga magoti mbele ya Bi Saumu kumshukuru, na mimi nikiona shuka la pili linaburuzwa na upepo kwenye vumbi nikapiga kelele, "Kulwa! Kamata shuka hilo!"

Bi Saumu akageuka.

"Umemwita nani?"

"Kulwa. Ni pacha huyu."

"Kulwa wa wapi? Si Agnesi huyu? Si mtaalamu?"

"Mtaalamu ni yeye," nikasema, "lakini kwao Tabora. Mnyamwezi."

Kisha Bi Saumu akaachia ufagio uliokuwa mkononi, akaweka mikono kichwani, akapaza sauti mpaka majirani wakatoka na vijiko vya uji.

"Jamani njooni mnione! Mimi Saumu, Mzigua mtoto wa Mzigua, nimemfagilia mpagazi! Nimeanua nguo zangu ukutani, nimetoa utando wa buibui wa marehemu mama mkwe, nimefukiza kivumbasi tangu jana jioni mpaka mume wangu amekohoa usingizini, nikadhani naingiziwa mkubwa chumbani. Kumbe mtani! Rudisha kivumbasi changu!"

Vijana wa siku hizi hamjui, kwa hiyo nawaeleza. Mzigua na Mnyamwezi ni watani tangu babu zetu walipopita nchi hii na mizigo kichwani kwenda pwani. Mtani humpokei kwa heshima. Mtani unamtukana, anakutukana, anaingia kwako bila hodi, anaondoka na kuku wako, na hakuna wa kukasirika. Hata msibani mtani anakuja kumcheka maiti. Kumfagilia mtani nyumba ni aibu kubwa kuliko kumwacha mgeni kwenye uchafu.

Watu walikuwa wanacheka. Kulwa hakucheka. Bado yupo magotini, ameinua uso.

"Bibi," akasema polepole, "umefukiza?"

"Nimefukiza!"

"Kila tulipokuja?"

"Sasa wewe unatuma salamu kwa mwenyekiti kwamba utaingia mpaka uvunguni mwangu, unataka nikupokee na mbu? Mgeni wa sebuleni unamfagilia sebule. Mgeni wa uvunguni je?"

Jirani mmoja akadakia, "Mimi hata chandarua nilifua." Mwingine akasema, "Mimi niliwahamisha mbuzi." Mwingine, mzee mwenye kofia, akasema yeye alifukiza siku mbili mfululizo kwa kuwa mkewe hayupo na hakutaka isemwe.

Nilimwona Kulwa anasimama. Vumbi magotini hakulipangusa. Ule upole wake wote, ndiyo bibi, asante bibi, ukateleza chini kama kanga iliyofungwa vibaya.

"Kumbe ni wewe!" akamwambia Bi Saumu, kidole kimenyooka. "Msimu mzima nalia, namwambia profesa wangu Handeni hakuna mbu. Kumbe mbu wapo, ila kuna Wazigua! Waganga wakubwa ninyi, hata mbu mnamroga asionekane na wageni!"

Uwanja ukapasuka kwa vicheko. Bi Saumu akapiga makofi, macho yanang'aa, amepata mtu wa kumjibu.

"Sikiliza, mganga," Kulwa akaendelea. "Nitarudi. Siku sikuambii. Sibishi hodi. Nikikuta umefagia, nachukua kuku."

"Na ukikuta sijafagia?"

"Nachukua mbu."

"Chukua tu, mpagazi, kubeba ndiyo kazi yenu." Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe mama mwenye uso wa Jumatatu, kabila gani?"

"Mama yangu Msambaa," nikasema, na ni kweli.

"Na baba yake Mnyamwezi!" Athumani akapiga kelele kutoka garini. Mambo niliyoambiwa baada ya hapo siyaandiki. Athumani naye nilimnyima chai wiki nzima.

Njiani kurudi nilidhani tumemaliza. Kesho kutwa tunakuja kimyakimya, tunaokota mbu, mtoto anakwenda kwenye kamati. Kulwa akasema hapana. Akasema watu wamekubali kuingiliwa siku wanayoijua, na chuo hakiruhusu kumvizia mtu chumbani kwake, hata kama ni mtani. Akarudi nyumba kwa nyumba kuomba upya: mturuhusu tuje asubuhi yoyote msimu huu, asiyetaka aseme. Wote wakakubali isipokuwa yule mzee mwenye kofia. Alisema utani ni utani lakini yeye anataka kwanza awe amevaa suruali. Tukamwacha na suruali yake.

Ndipo tukaenda bila kutangaza. Bi Saumu alifungua mlango akiwa na kanga moja, akatutukana vizuri, akatoa sufuria la maharage nje, akasema, "Ingieni, wamenila mimi usiku kucha, sasa muwale ninyi." Tulipofungua shuka juani, jamani. Ilikuwa kama mtu amemwaga ufuta. Mbu, na matumbo yamevimba, mekundu. Kulwa akachuchumaa juu ya shuka lile, kikoleo cha kuokotea mkononi, haokoti. Anatazama tu. Bi Saumu akamwambia, "Okota basi, au unasubiri wakuamkie?"

Nikasema sasa tumemaliza. Kulwa akasema tena hapana, na hapo tuligombana kweli.

"Mbu unao mkononi," nikamwambia. "Unataka nini tena, wakuandikie barua?"

"Bibi, mvua imenyesha wiki hii. Labda mbu wameongezeka kila mahali, na hata angefukiza ningewapata."

"Harufu ya kivumbasi niliisikia mimi mwenyewe!"

"Bibi, ukipika wali kwa jiko jipya na mchele mpya, ukitoka mtamu, utasifu jiko au mchele?"

Sikupenda, lakini nilikubali. Mimi ningeondoka na shuka moja, nikatangaza nchi nzima, na kamati ingeniuliza umejuaje, nikabaki nimekodoa macho. Ule ndio uzamivu wenyewe. Kuosha mabeseni na kuvuta mrija niliweza kumfundisha. Kushuku jambo ambalo moyo wako umeshalipenda, hilo alilijua yeye na mimi nilikuwa silijui.

Kwa hiyo akapiga kura. Kwenye kikapu akaweka maharage na mahindi, kila mwenye nyumba akachota bila kutazama. Aliyepata harage alitangaziwa siku kama zamani, afagie na kufukiza apendavyo. Aliyepata hindi hakuambiwa kitu, na asifagie kwa ajili yetu. Asubuhi moja, mvua moja, nyumba za harage na nyumba za hindi. Na hapo ndipo mngecheka. Kumwambia mwanamke wa Handeni aache utando wa buibui ukutani na anajua wageni watakuja siku moja! Mmoja alikamatwa anafagia kwa kujificha. Bi Saumu alikuwa amechota hindi, akajifanya askari, akawa anapita kwa kila hindi mwenzie akiona ufagio anapiga kelele, "Weka chini! Unataka mpagazi wangu afeli?"

Mbu walijigawa wenyewe. Nyumba za harage mashuka meupe, au mmoja wawili. Nyumba za hindi, ufuta. Asubuhi baada ya asubuhi, vilevile. Mbu wa kijiji kile walikuwa wanalala ndani, ukutani, kwa raha zao, isipokuwa siku ya mgeni.

Siku ya chai yake Kulwa alisimama bila karatasi. Akatueleza yote. Mpishi wetu akamuuliza, "Kwa hiyo wewe unasema usafi ni mbaya?" Maana hata mimi nilikuwa nalo hilo rohoni. Kulwa akasema, "Hapana, mama. Moshi uliwatoa siku yangu tu, kesho yake wakarudi. Watu walinifukizia mimi niliyekaa saa moja, wao wanaolala mle kila siku hawakujifukizia."

"Na wakijifukizia kila siku, malaria itaisha?"

"Sijui," akasema. "Hilo ni swali la mwanafunzi mwingine."

Mimi nikamuuliza, "Na profesa akikuuliza utani ni kifaa gani, unakisafishaje, utamjibu nini?" Akafikiri, akaanza kujibu, likamponyoka neno moja la Kiingereza, refu kama treni. Akacheka mwenyewe, bila kuziba mdomo. Akaosha kikombe.

Kamati ilimhoji mpaka chai ya pili ikapoa. Alipotoka alisema kuna mjumbe mmoja, Mzigua, aliyemkaba kuliko wote, umejuaje, umejuaje, na mwisho alifunga daftari lake akamwambia, "Ondoka hapa, mpagazi, kaandike." Basi akaenda kuandika, na mimi nikastaafu, mkanipa blanketi kama nahamia Ulaya. Kuandika kulimchukua muda. Baada ya kuandika kuna kutetea kitabu kizima mbele ya watu wasiokujua, na hapo ndipo wengine huanguka na mlango wanauona.

Wiki iliyopita Athumani alinipigia simu. Kulwa ametetea. Nikamuuliza amepita? Mtandao ukakata, au alikata yeye, maana yule tangu nimnyime chai ana kinyongo. Alipopiga tena alisema tu wanakuja kwangu Magoma, Kulwa na Bi Saumu, wapo njiani.

Nilisimama nikatazama nyumba. Utando kwenye pembe, nguo zimetundikwa ukutani, maganda ya mihogo mlangoni. Nikachukua ufagio. Nilikuwa nimeshainama. Nikafikiri kwamba kama amefeli, anakuja kupewa pole, na mtu anayepewa pole anafagiliwa. Kama amepita, hapana. Nikasimama na ufagio mkononi kama askari, sijui la kufanya. Mwisho nikaurudisha nyuma ya mlango, nikakaa kitini.

Gari likasimama. Nikasikiliza hodi. Haikuja. Mlango ukasukumwa, Kulwa akaingia na viatu vyake vyenye tope, akapita mbele yangu, hakupiga goti, hakusema shikamoo, akaenda moja kwa moja chumbani kwangu, akainua shuka akachungulia uvunguni. Akarudi ana mrija mdomoni, na ndani ya kioo mbu mmoja, mguu haukuvunjika hata mmoja.

"Bibi," akasema, "nyumba yako chafu. Asante."

Nyuma yake Bi Saumu anapiga makofi mlangoni, "Msalimie daktari, mpagazi wewe! Na kuku wangu yuko wapi? Bila uchafu wangu angepata wapi huo udaktari?"

Kuku alipatikana. Wakati anachemka, daktari alikalia kiti changu, akaanza kunisimulia jinsi alivyotetea, waliuliza nini na alijibu nini, mikono inaruka, na katikati ya maneno likamponyoka neno la Kiingereza. Sikusema kitu. Nilimwonyesha tu kwa kidole beseni la vikombe lilipo.